Mimi Sinuki

Wacha nianze na aibu yenyewe, nikishaisema tukae vizuri. Nikiwa msichana wa miaka kumi na saba, mbele ya akina mama wote wa landi ya reli, zile nyumba za wafanyakazi hapa Nakuru, nilisimama nikamtazama mke wa bwana mkubwa, memsahibu mzima na glavu zake nyeupe na kofia ya maua, nikamwambia kwamba ananuka na aende akaoge. Tena sikunong'ona. Nilitoa sauti yote, kwa sababu Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba mtu akisoma ni lazima asikike mpaka kwa dirisha. Siku hizi nikihadithia wajukuu wanapiga makofi, wananiona mpigania uhuru. Mpigania uhuru wapi! Sikuwa nafanya siasa. Nilikuwa nafanya mtihani.

Nimekumbuka haya yote kwa sababu Mwalimu tumemzika majuzi. Jina lake lilikuwa Loice, lakini landi nzima walimwita Mama Rispa, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na sisi tuliosoma kwake tulimwita Mwalimu mpaka mwisho. Tumemzika upande wa Njoro, kwa shamba ambalo zamani lilikuwa la ngano, la mzungu. Matanga ya siku hizi mnayajua: matenti, viti vya plastiki, spika kubwa kama kabati, na kijana mmoja wa suti ya kubana anaitwa emsii, amelipwa kulia kwa niaba yetu. Huyo kijana alisimama akasema, "Marehemu alikuwa mama wa kawaida, mama wa jikoni. Lakini jameni, landi nzima ilimjua kwa keki! Keki zake zilikuwa tamu mpaka wazungu wakaja kuonja!" Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa mmoja aliyekuwa kwa simu tangu afike akatingisha kichwa kama anayekumbuka ladha. Na mimi nikasikia kinyaa cha kweli, ile mate inajaa mdomoni kabla hujatapika. Rafiki yangu Chebet alikuwa amekaa kando yangu na fimbo yake, na yeye alikuwa darasani siku zile, anajua. Akanifinya paja.

"Tulia."

"Keki tamu, Chebet?"

"Tulia, nimesema. Kuna watu."

Nilikula hizo keki mwaka mzima. Nawaambia mbele ya Mungu, mbwa wa landi walikuwa wanazinusa wanaenda zao. Na kama kuna kitu kinanichukiza hapa duniani kuliko hizo keki, ni kusikia mwanamke kama yule akizikwa na keki juu ya jina lake.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, bado iko, na watu wakikaa pamoja bila kibali askari anataka kujua ni kiapo gani mnakula. Mambo ya nani alinizaa na kwa nini niliacha shule nitayaruka. Mtu akitaka hadithi ya njaa na miguu bila viatu aende kwa wengine, ziko nyingi. Nilikuwa nakaa kwa dada yangu na bwana yake, chumba kimoja, pazia katikati, upande huu wao na upande ule mimi na masufuria. Nilikuwa nimefika darasa la nne, na hata hilo la nne nilikuwa nakalia benchi tu, masomo yalikuwa yananipita kama gari moshi ya usiku isiyosimama stesheni yetu. Shida yangu kubwa ilikuwa herufi N. Sijui ilinikosea nini. Neno likianza na N linanishika shati, nabaki hapo "n-n-n" kama pikipiki baridi, halafu natoka na M. Nanasi ilikuwa mamasi. Ng'ombe siwezi hata kuwaambia ilikuwa nini.

Darasa letu lilikuwa kwa chumba kimoja mwisho wa laini, yaani mstari wa nyumba zetu, wanakiita chumba cha starehe. Starehe! Ijumaa usiku wanaume walikuwa wanakunywa humo, na Jumamosi mchana tunapewa sisi. Ukifungua mlango harufu inakupokea kama jamaa yako aliyekukosa miaka. Kuna pombe iliyochacha, kuna moshi ya tumbako, na ile kona ya nyuma ambapo mtu akizidiwa alikuwa haoni haja ya kutafuta choo. Nje nako hakuna nafuu. Choo chetu kilikuwa cha ndoo, na upepo ukitoka upande wa ziwa unaleta vumbi nyeupe ya magadi inakukaa kwa meno. Kwa hivyo somo la kwanza kila Jumamosi lilikuwa kupiga deki. Tunakunja nguo, tunamwaga maji, tunasugua mkojo wa watu ambao Ijumaa ijayo watakunywa wakisema wanawake wa siku hizi hawana kazi. Mimi nilikuwa natapika. Mwalimu Loice hakutapika. Alikuwa mwembamba, mrefu, kiatu cha kulia amekikata na wembe pembeni kwa sababu ya kidole kilichovimba, na alikuwa anasugua polepole kama mtu anayefuta ubao. Shule ya wasichana ya misheni ilikuwa imemtoa mwalimu kamili. Akafundisha, akapendwa, halafu akaolewa, na siku alipoolewa wakamwambia mwalimu mwenye bwana aende akampikie bwana. Hivyo tu. Nilipomuuliza alijisikia vipi, alinijibu, "Nilipika, Abigael. Halafu nikamaliza kupika, na jua bado liko juu."

Kibali chetu kilikuwa cha klabu ya akina mama: kufuma, kuosha watoto, kupika keki. Kusoma hakukuandikwa hapo. Mwenye kuangalia hayo alikuwa Karani Zakaria, mtu mfupi, nywele amepasua njia katikati, alikuwa anaongea na sisi huku anaangalia saa. Yeye alitaka ufunguo wa kile chumba urudi kwa wanaume siku zote, Jumamosi pia. Mwalimu alimwomba ruhusa ya kusomesha, akajibiwa, "Kusoma na kitabu gani? Mko na kitabu?" Hatukuwa na kitabu. Akacheka akaenda.

Kitabu kililetwa na Chebet. Siku hizo alikuwa yaya huko Milimani, analea mtoto wa wazungu, na siku moja akakiona kwa pipa la taka, juu ya maganda ya viazi. Akakificha kwa nguo. Jalada lilikuwa limetoka, kurasa zimeshikana na mafuta ya nyama, na kilikuwa kinanuka kama mfuko wa mchinjaji. Tukakipangusa, tukakifungua, tukaona Kiingereza upande huu na upande ule Kiswahili. Mungu wangu, Kiswahili! Mimi mwenyewe changu si cha kujivunia, mtu wa Pwani akinisikia anatafuta pamba ya masikio, lakini kile kilikuwa kitu kingine. Kilikuwa kitabu cha kufundisha memsahibu jinsi ya kuongea na mtu wa jikoni. Lete maji moto. Moto nakufa. Nani kula sukari? Hapana jibu mimi. Hii nyama nanuka, tupa. Ukurasa baada ya ukurasa, amri tu, hakuna tafadhali, hakuna habari ya asubuhi, hakuna mtu anamuuliza mwingine amelalaje. Mwalimu alisoma kimya, mdomo ukakaa kama ameuma sabuni. Tukangoja atupe dirishani. Akafunga, akaweka mkono juu.

"Herufi ni herufi," akasema. "Tutachukua herufi. Uchafu tutauwacha hapo hapo."

Na akatuwekea utaratibu. Mtu anasoma sentensi kama ilivyo, halafu anainyoosha. "Sasa sema kama mtu anayeongea na mtu," Mwalimu anasema. Lete maji moto inakuwa "naomba uniletee maji ya moto." Moto nakufa inakuwa "moto unazimika." Mama mmoja mnene wa laini ya mwisho alipenda zaidi zile za kabla ya kunyooshwa. Bwana yake alikuwa anatia makaa kwa injini, mtu wa ukali sana, akarudi jioni moja akauliza chakula kiko wapi. Huyo mama akasimama wima, akamwambia, "Mimi hapana taka maneno mingi! Kwenda leta kuni!" Ati bwana alishika kofia akatoka nje, amefika kwa kuni ndio akajiuliza ni nani ameongea. Alituhadithia hayo tukiwa tumepiga magoti na matambara mkononi, tukacheka mpaka tukalala kwa ile sakafu chafu. Tangu siku hiyo, tukikutana kwa mfereji kuchota maji hatukusalimiana, tulikuwa tunasema tu, "Moto nakufa!" na mwingine anajibu, "Hapana jibu mimi!"

Utaratibu wa pili, na huu ndio ulioniua: ukifika nukta, inua macho, mtazame anayekusikiliza. Mwalimu alisema mtu anayesoma ameinama ni kama anayeomba msamaha. Unasoma, nukta, macho juu. Unasoma, nukta, macho juu. Alikuwa anapiga meza na kidole kwa kila nukta.

Kulikuwa na ukurasa mmoja tu ambao aliukunja katikati, akasema hatuusomi. Nilichungulia nikiwa napanga viti, nikaona N ya kwanza nikaacha. "Huo hauna namna ya kunyooshwa," alisema.

Katikati ya mwaka habari ikaja: memsahibu, mke wa bwana mkubwa wa reli, anakuja kuangalia klabu. Akiona kweli tumejifunza kusoma, tutapewa ruhusa, chumba ni chetu kila Jumamosi na slate za kuandikia tutaletewa. Akiona hakuna kitu, ufunguo kwa Zakaria. Mwalimu hakulala, nafikiri. Macho yake yaliingia ndani. Akachagua watu wa kusoma, kila mmoja na sentensi yake iliyonyooshwa tayari, na mimi akanipa "Chai iko tayari," kwa sababu haina N hata ya dawa. Nikaikariri mpaka dada yangu akanitishia na mwiko. Nilikuwa naisema nikichota maji, nikiwa chooni, nikiwa kanisani wengine wakisema amina.

Siku yenyewe tulisugua mpaka simenti ikang'aa, tukamwaga dawa mpaka machozi yakatutoka. Mwalimu alikuwa ameoka keki kwa debe, makaa chini na makaa juu. Memsahibu akaja na Zakaria nyuma yake kama mkia. Akafika mlangoni, akavuta pumzi moja, akatoa leso ya marashi ya lavenda akaweka kwa pua. Hiyo leso haikutoka hapo. Alipewa kipande cha keki, akakibeba kwa vidole viwili. Nilimtazama nikafikiria ile kona niliyokuwa nimesugua kwa mikono yangu asubuhi, uchafu wa watu wengine, na sasa sisi ndio tunazibiwa pua. Kinyaa hicho bado ninacho. Nikisikia harufu ya lavenda leo natoka nje.

Chebet alisoma. Mama mnene akasoma, kwa heshima safari hii. Nukta, macho juu. Memsahibu akasema, "Mzuri sana, mzuri sana," ndani ya leso. Mwalimu akaanza kupumua. Ndipo Zakaria akacheka kidogo, akamwambia kitu kwa Kiingereza, halafu akatugeuzia kwa Kiswahili ili nasi tuumie: "Wamekariri tu hawa. Kama kasuku. Memsahibu achague ukurasa mwenyewe, na achague mtu mwenyewe. Kwa mfano yule pale." Yule pale nilikuwa mimi. Alikuwa ameshawahi kusimama nje ya dirisha akanisikia nikikwama, yule nyoka.

Memsahibu akachukua kitabu kutoka kwa meza. Akakigeuza, na uso wake wote ukafunguka, mara ya kwanza akatabasamu kweli. "O! Hii kitabu mimi jua! Mimi nasoma hii kitabu kwa meli!" Alifurahi kama aliyekutana na mtu wa kwao ugenini. Akakiacha kijifungue chenyewe, na kitabu kilichokunjwa ukurasa hujifungua pale pale kilipokunjwa. Kidole cha glavu kikashuka.

"Wewe. Soma hapa."

Nikasimama. Chai iko tayari ilikuwa inanigonga kwa ulimi inataka kutoka, lakini hata mimi niliona haipo hapo. Neno la pili lilianza na N. Nikasikia mama mnene akisema "Yesu" chini chini. Nikamtazama Mwalimu. Yeye alikuwa amesimama karibu, ameona ukurasa ni upi. Angeweza kusema si huo, tafadhali, geuza. Nilingoja aseme. Alitazama kitabu, akatazama leso, akatazama sakafu yetu iliyong'aa.

"Soma, Abigael," akasema. "Soma kilichoandikwa."

Nikasoma. "Wewe nanuka." Nukta. Macho juu, nikamtazama. "Kwenda oga sasa hivi." Nukta. Macho juu. "Mimi hapana taka mtu chafu karibu na chakula yangu." Nukta. Macho juu, na sauti ikafika kwa dirisha ikatoka ikaenda zake kwa laini ya pili, maana baadaye watu wa huko walituuliza nani alikuwa anafukuzwa.

Mnajua kilichonichekesha baadaye, nilipoweza kucheka? Kama ningesoma Kiswahili cha watu hangeelewa hata neno. Lakini hicho kilikuwa ndicho Kiswahili chake chote duniani, alikijua kwa moyo. Kila neno lilimfikia. Shingo ilianza kuwa nyekundu kutoka kwa kola, ikapanda kama maji kwa glasi. Leso ikashuka kutoka kwa pua, peke yake. Akaweka kitabu kwa meza, akaweka keki juu ya kitabu, akatoka bila kusema mzuri sana. Zakaria akabaki amejishika kichwa, njia ya nywele imeharibika. "Mmeniua!" anasema. "Wanawake nyinyi, mmeniua kabisa!" Akachukua kitabu kama ushahidi, sijui ushahidi wa nini, kwa sababu aliyekichapisha si sisi.

Jumatatu kufuli ilikuwa mlangoni. Amri ikaja: kusoma hakuna tena. Kupika kunaruhusiwa, kwa sababu keki ilionekana, watafanyia huko nyuma kwa kibanda cha mabati, na karani ataonja kila wiki kuhakikisha kweli ni keki wanapika. Yaani darasa lilifungwa kwa sababu mwanafunzi wake mbaya kuliko wote alisoma. Kama tungeshindwa tungefungiwa, tukafaulu tukafungiwa. Nimekaa na hiyo hesabu maisha yote na bado nikiipiga natema mate. Siku ile nilikimbilia kwa mfereji nikalia mpaka kamasi ikafika kidevuni. Chebet alikuja akasimama hapo, akaniambia kitu, lakini nilikuwa nalia kwa sauti kubwa sikushika alichosema.

Jumamosi iliyofuata nilienda kwa kile kibanda nikiwa nimejifunika kanga, nangoja kuchapwa na maneno. Akina mama wamezunguka meza. Mwalimu amevaa aproni, ana mfuko wa unga wa ngano. Akaumwaga wote juu ya meza. Akautandaza na kiganja, polepole, mpaka meza ikawa nyeupe sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Halafu akainua kidole cha shahada, akaandika kwa unga, herufi kubwa kama za mtoto. Akanigeukia.

"Abigael. Soma."

Nikainama. M ya kwanza haikunisumbua. Neno la pili halikuanza na N, N ilikuwa imejificha ndani, nikaipita kabla haijaniona. "Mimi sinuki."

"Nukta," akasema Mwalimu.

Nikainua macho. Mama mnene alikuwa anafuta yake na kona ya kanga.

Kivuli kikaingia mlangoni. Zakaria. "Ni nini hiyo mnaangalia?"

"Unga, karani," Mwalimu akasema, na kiganja kilikuwa tayari kimepita.

"Mbona watu wazima wanaangalia unga?"

"Tunatafuta wadudu."

"Na mmepata?"

"Ndiyo anaingia," Chebet akanong'ona, na ilinibidi niinamie makaa.

Hivyo ndivyo tulivyosoma. Kila mtu anaandika kwa kidole chake, anafuta, mwingine anaandika. Mikono iliyotoka kuosha nepi, mikono ya makaa, mikono ya samaki. Ikifika jioni ule unga umekuwa rangi ya jivu, na Mwalimu hakutupa hata kijiko, maana ukitupa unga Zakaria atauliza keki iko wapi. Tunatia mayai, tunatia mafuta, tunaoka. Nje inang'aa, ndani ina mistari ya kijivu kama godoro la zamani. Siku moja nilikuta ukucha. Ilibidi nasi tule mbele yake, tukitabasamu. Na huyo mtu alipenda! Alikuwa anafumba macho, anatafuna, anasema, "Ya wiki hii imeshinda ya wiki jana. Mnaendelea vizuri. Hii ndio kazi ya mwanamke." Anakula alfabeti yetu yote pamoja na jasho la viwiko, anaenda ofisini kuandika ripoti kwamba klabu inapika. Mpaka leo wajukuu wakileta keki ya siku ya kuzaliwa, nazima mshumaa nawapa wenyewe.

Mwalimu hakurudia amri hata moja ya kile kitabu. Kilichoandikwa kwa ile meza alikitunga yeye. Nina jina. Jina langu ni Loice. Mtoto wangu wa kike atasoma. Halafu akaanza hadithi, kidogo kidogo, kwa sababu meza ilitosha mistari michache tu: habari ya mwanamke aliyeenda sokoni kutafuta jina lake, maana nyumbani alikuwa mke wa huyu na mama wa yule, na wauza vitunguu wote wakamwambia hawajaliona. Kila Jumamosi kipande. Unasoma haraka kabla kivuli hakijaja mlangoni, kinafutwa, kinaliwa. Hadithi nzima haikuwa mahali popote isipokuwa kwa vichwa vyetu. Tulikuwa tunasaidiana kwa mfereji: "Alipofika kwa muuza samaki, alisema nini?" Na mimi, mimi wa mamasi, ndiye niliyekuwa nakumbuka vizuri kuliko wote. Miaka baadaye, uhuru ukiwa umeshakuja, Mwalimu aliniita, nikamsomea kwa kichwa kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaandika. Kikawa kitabu kidogo kilichochapwa kwa stensili, kurasa zimeshonwa na uzi, kikazunguka madarasa ya watu wazima Njoro, Lanet, mpaka huko Kamere kwa wavuvi. Alifungua shule ya watoto wadogo, akaisimamia mpaka macho yalipokataa. Mama mnene aliingia kwa kaunsili ya mji akawatesa wanaume huko kwa Kiswahili kilichonyooshwa. Chebet aliongoza kikundi cha akina mama kilichonunua lile shamba la ngano, ndilo tulilokuwa tumekalia siku ya mazishi, na emsii hakujua hata viti vyake vimesimama juu ya nini.

Sasa huyo emsii akatazama karatasi yake, akasema, "Tuna shosho hapa, nyanya yetu, rafiki ya marehemu tangu zamani. Shosho aseme neno moja, moja tu, kuhusu zile keki!" Chebet alijaribu kunishika rinda. Nikajinasua nikaenda. Nilishika maikrofoni, ikapiga kelele, nikasubiri inyamaze.

"Keki za Mama Rispa zilikuwa chafu," nikasema.

Mheshimiwa akatoa simu kwa sikio.

"Zilikuwa chafu, zilikuwa na kucha. Mtu yeyote anayesema zilikuwa tamu hakuzila. Zilikuwa chafu kwa sababu tulikuwa tunaandika ndani yake. Huyu hakuwa mama wa jikoni. Huyu ni mw... mwa..." Na hapo, na umri wangu wote huu, kilio kikanishika kama N. Nilitaka kusema mwandishi. Nilitaka kusema mwalimu. Emsii akaona nafasi, akachukua maikrofoni kwa upole wa mtu anayenyang'anya mtoto kisu. "Asante shosho, asante sana! Jameni tuwapigie wazee wetu makofi, umri nao ni kitu kingine!" Watu wakacheka. Wakapiga makofi. Wakaimba.

Nikarudi kwa kiti changu, nikakuta nimewekewa sahani ya pilau. Nikaisukuma kando. "Nimeharibu tena," nikamwambia Chebet. "Tumemzika na keki, na mimi nimeongeza kucha."

Chebet alikuwa anakula. Yeye hakuna kitu kilichowahi kumkosesha kula. "Hata ile siku kwa mfereji ulisema hivyo hivyo. Nimeharibu, nimeharibu. Ukaninyunyizia kamasi kwa aproni mpya."

"Ukaniambia nini? Sikusikia. Miaka yote hii nimekuwa nataka kukuuliza."

Akameza. Akaweka kijiko chini, akanitazama kama vile tulivyofundishwa, macho juu.

"Nilikuambia, 'Unalia nini? Sisi wote tulikuwa tunaogopa kitu kimoja tu, utakwama kwa *nanuka*. Na hukukwama.'"